Bao Lililofutwa

Mwaka ule timu ya chuo chetu cha waalimu ilicheza michezo sita katika wilaya za Ngara na Biharamulo, nasi tulishinda mitano. Wa sita ulichezwa Biharamulo, mji wenye boma lililojengwa na Wajerumani. Dakika za mwisho nahodha wetu alitia bao. Tukashangilia. Yeye akamwendea mwamuzi, akasema, "Bwana, mpira ulinigusa mkono." Bao likafutwa, kisha tukafungwa sisi, kikombe tukakikosa.

Tukirudi Ngara katika lori, hakuna aliyemsemesha mpaka Lusahunga. Twaona haya kulisema. Baadaye tukatafakari: kesho mtu huyu atashika daftari la maksi za watoto wetu. Muhula uliofuata tulimkabidhi fedha za timu, wala hatukuzihesabu.