Nchi Jirani na Kifafa cha Mimba



Yapo maradhi yasiyo na kishindo. Mama mja mzito huamka alfajiri, akateka maji, akapika, akafagia uwanja wa kota, wala asijue kwamba shinikizo la damu yake limepanda. Likifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, hasa kama mkojo nao una protini, hiyo ni hatua ya kwanza kuelekea kifafa cha mimba. Kichwa huuma kisitulie, macho huona ukungu, uso na mikono huvimba, nayo maumivu huchoma chini ya mbavu. Kisha hufuata degedege. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki degedege hiyo imedhaniwa kuwa pepo, na mgonjwa akapelekwa kwa mganga saa zile zile ambazo angeweza kuokolewa.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotangazwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba, kusini mwa Sahara, maradhi haya yalichukua asilimia 16 ya vifo vya uzazi kati ya 2003 na 2009. Katika Amerika ya Kusini na Karibiani, ambako vifo vyenyewe ni vichache zaidi, sehemu yake ilikuwa asilimia 22. Taifa linaweza kupunguza vifo vya uzazi kwa jumla, na shinikizo la damu likabaki nyuma kama kikosi cha adui kilichojificha.

Majirani wamejaribu njia mbalimbali. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Kenya ikaondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Mlango ulifunguliwa, lakini mlango peke yake hautibu. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: iliweka wahudumu wa afya katika kila kijiji, mmoja wao akiwa na kazi maalumu ya kuwafuatilia waja wazito. Vifo vya uzazi nchini humo vilikuwa 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika uchunguzi wa mwaka 2000. Uchunguzi wa 2019 na 2020 ulikuta 203. Hayo si mafanikio ya kubezwa.

Katika miaka ya 2016 na 2017, Uganda, Zambia, Malawi na nchi nyingine zilijaribu kipimo chenye taa tatu, kijani, manjano na nyekundu, ambazo askari wa usalama barabarani hahitaji kufafanuliwa. Mkunga huona rangi, akajua la kufanya. Dharura zilipungua kidogo, ila watafiti hawakuweza kuthibitisha kwamba kipimo ndicho kilichozipunguza. Jambo hilo lisishangaze. Taa nyekundu inayowaka mahali pasipo na dawa wala gari humwonyesha mkunga hatari tu. Haimwondolei mgonjwa hatari hiyo.

Na dawa ipo, tena si ghali: magneziamu salfeti. Utafiti wa mwaka 2002 uliowahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulithibitisha kwamba hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hutaka mhudumu aliyefunzwa, kwa kuwa ikizidi huzuia pumzi. Hata hivyo, zahanati isiyoweza kutoa tiba kamili inashauriwa kutoa dozi ya kwanza, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia kambini na katika vituo vya mipakani. Mume yuko lindo au doria, mke yuko peke yake kota, na pengine gari la kituo ndilo pekee lenye mafuta usiku huo. Mkuu wa kituo anayeamuru gari hilo litoke ametekeleza ulinzi wa raia kwa maana yake kamili. Askari wa kike mwenye mimba naye asione haya kuomba ruhusa ya kwenda kliniki. Daktari akimwona yuko katika hatari, aweza kumpa aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 20.

Wala kuzaliwa kwa mtoto si mwisho wa hatari. Degedege huweza kumshika mama baada ya kujifungua, mara nyingi katika saa 48 za mwanzo, wakati jamaa wameshaanza kumpongeza baba.