Nzi wa Trauti: Unyoya Mizunguko Miwili Tu

(Mazungumzo na wanachama wapya wa kikundi chetu cha kufunga nzi wa kuvulia, katika jumba la kanisa)

Leo hatutazungumza juu ya wale nzi wakubwa wenye mabawa na rangi nyingi. Tutazungumza juu ya yule mdogo wa kuzama majini, ambaye wengi humdharau kwa kuwa ni uzi na unyoya tu. Ndiye aliyetutia hasara.

Wanachama wa zamani wanakumbuka. Oda ya dazeni 40 ilirudishwa yote. Tulikuwa tumezungusha unyoya mara nne, wengine mara tano, mnunuzi asije akasema tumempunja. Kumbe tumeharibu. Mzigo ulirudi na karatasi yenye neno moja tu, "Mzito", basi. Kazi ya wiki tatu, na karo ilikuwa inangojewa shuleni! Hata leo tunaona yule mnunuzi angeweza kutueleza zaidi. Lakini tulipowatia wale nzi kwenye karai la maji na kuwavuta, tuliona wenyewe: walisimama kama brashi ya viatu. Hakuna kilichocheza.

Shida ni kwamba tunafunga nzi bila kumjua samaki. Wako kati yetu waliofanya kazi hii miaka mingi na hawajamwona trauti hata mmoja. Si ajabu, maana yeye ni mgeni. Mayai yake yaliletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Baadaye walipandwa katika mito mingine ya maji baridi, huko na Mlima Kenya. Pale Kiganjo kuna kituo kinachototolesha vifaranga vyao.

Nzi huyu naye ametoka huko Uingereza ya kaskazini na Uskoti, kwenye mito ya mawe yenye maji ya kasi kama yetu. Mwaka 1857 W. C. Stewart, Mskoti, aliandika kitabu akiwasifu nzi wa namna hii. Mmoja wao ni mweusi, wa unyoya wa kwezi na uzi wa hariri wa kahawia, na mpaka leo anaagizwa kwa jina la Stewart. Mwaka 1885 T. E. Pritt alikusanya wale wa Yorkshire katika kitabu chake. Yule mnayemwona kwenye karatasi za oda, Partridge and Orange, ni wa ukoo huo: uzi wa rangi ya machungwa na unyoya wa ndege afananaye na kwale wetu. Manyoya hayo huletwa na mwenye oda. Vijana, msiende kutega kwale porini, ni hatia.

Sasa kwa nini unyoya uwe haba? Chini ya mawe ya mto wanaishi wadudu wachanga. Wakikomaa hupanda juu ya maji wapate kuruka, na katika safari hiyo hawana pa kujificha. Trauti anajua. Nzi wetu anaigiza mdudu huyo anayehangaika, na miguu yake ndiyo ule unyoya. Maji yakiusukuma unajikunja, yakilegea unafunguka. Ukijaza unyoya, mdudu amekufa kabla ya kuliwa!

Ndiyo maana, mkitumia kuku, chukueni unyoya wa shingo ya kuku jike. Ule wa jogoo ni mgumu na hauloani upesi. Uwekeni kwa nzi wa kuelea.

Basi hebu tuanze. Bana ndoana kwenye vaisi. Paka uzi nta. Anza nyuma kidogo ya tundu la ndoana, maana hapo ndipo kichwa kitakapokaa. Ukipajaza, mvuvi hatapata pa kupitisha mshipi wake. Zungusha uzi kurudi nyuma, mzunguko ukigusana na mwenzake, mpaka usawa wa ncha ya ndoana, kisha rudi mbele. Huo ndio mwili wote. Hariri ikiloa rangi hukolea, kwa hiyo usishangae ikionekana imepauka mkononi. Ng'oa nyuzi za upande mmoja wa unyoya, ufunge kwa ncha yake, uzungushe mara mbili. Mbili! Nyuzi zifike kwenye kipindo cha ndoana, zisipite sana. Kichwa kiwe kidogo, fundo likazwe, vanishi tone moja.

Mwezi uliopita mmoja wa wazee wetu mwenye leseni alitupeleka mtoni. Alirusha mshipi kukata maji, akauacha mkondo uuchukue, ncha ya ufito ikiufuata polepole. Hakuvuta. Mshipi ulipofika mwisho na kunyooka, nzi akaanza kupanda juu, na hapo hapo trauti akamshika. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mzee akatunyamazisha. Yule nzi alikuwa na mizunguko miwili, kafungwa na mama mmoja aliyeketi hapa mbele, na ndipo alipomwona trauti kwa mara ya kwanza.

Oda mpya ni ya dazeni 20, na mnunuzi ni yule yule. Jumamosi kila mmoja alete nzi sita aliowafunga mwenyewe. Tutawatia wote kwenye karai mbele ya kila mtu, wa viongozi kwanza. Asiyecheza majini atafunguliwa, ndoana itumike tena.