Andika Mara Moja, Isomwe Mahali Pengi

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo kuanza, msimamizi wa darasa aandike ubaoni maneno haya: tovuti, ghala, anwani, nakala, ombi.

Kila mmoja awe na kalamu na daftari lake.

Katika somo lililopita tulijifunza maana ya tovuti. Tulisema kwamba tovuti ni kurasa zilizowekwa katika kompyuta, nasi huzisoma kwa simu au kwa kompyuta nyingine, hata kama tuko mbali. Leo tutajifunza jinsi habari iliyoandikwa katika tovuti moja inavyoweza kuonekana katika tovuti nyingine bila ya kuandikwa upya.

Je, jambo hili lina faida gani? Natutazame mfano. Tuseme hospitali ya wilaya ina tovuti yake. Imetangaza kwamba watoto watachanjwa surua siku ya Jumanne. Kijiji nacho kina tovuti yake. Karani wa kijiji anaisoma habari ile, anainakili katika ukurasa wa kijiji: chanjo, Jumanne. Baadaye gari la dawa linachelewa. Hospitali inafuta Jumanne na kuandika Alhamisi. Karani hana habari. Ukurasa wa kijiji bado unasema Jumanne.

Mama anaamka alfajiri, anambeba mtoto mgongoni, anatembea maili sita. Anapofika anaambiwa, "Rudi Alhamisi." Je, atarudi? Labda atarudi, labda hatarudi. Na surua huua watoto.

Ni nani mwenye kosa? Karani hakusema uongo. Hospitali nayo ilitangaza mabadiliko. Kosa ni kuwa na nakala mbili za habari moja. Moja hubadilishwa, na ya pili husahauliwa.

Sasa sikilizeni dawa yake.

Tovuti nyingi siku hizi haziandikwi ukurasa mmoja mmoja kwa mkono. Habari zake huwekwa katika programu iitwayo mfumo wa kusimamia maudhui. Jina hilo ni refu, basi sisi tutasema ghala la habari. Ndani ya ghala kila kitu kina mahali pake: kichwa cha habari mahali pake, tarehe mahali pake, maneno yenyewe mahali pake. Ghala moja linalojulikana sana duniani linaitwa WordPress. Lilianza mwaka 2003.

Angalieni vizuri hapa. Habari ni kitu kimoja, na sura ya ukurasa ni kitu kingine. Mahindi yaliyomo ghalani si ugali. Kwa mahindi yale yale, huyu atasonga ugali, na yule atapika kande. Vivyo hivyo, habari moja ya ghalani inaweza kuonekana katika ukurasa wa hospitali kwa sura moja, na katika ukurasa wa kijiji kwa sura nyingine. Ghala ni moja tu.

Ziko njia tatu za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni fremu. Ukurasa wa kijiji hutobolewa kama dirisha, na msomaji huuona ukurasa wa hospitali kupitia dirisha hilo. Njia hii ni rahisi. Lakini utauona ukurasa ule kama ulivyo, na rangi zake na vichwa vyake vyote. Tena, mwenye tovuti anaweza kukataza asitazamwe hivyo.

Njia ya pili ni mlisho. Mlisho ni orodha ya habari mpya ambayo ghala huitoa lenyewe. Njia hii ilianza mwaka 1999, na mpaka leo inatumika.

Njia ya tatu ni kuliuliza ghala. Fikirini kidirisha cha posta. Mtu haingii ndani kupekua barua. Anasimama nje, anauliza, anapewa. Ghala nalo lina kidirisha chake. Katika WordPress, kidirisha cha kutolea habari kimo tangu toleo la 4.7, lililotoka Desemba 2016. Anwani yake, kwa kawaida, ni jina la tovuti, likifuatwa na maneno haya: wp-json/wp/v2/posts. Ukurasa wa kijiji hupeleka ombi huko. Ombi lisipotaja idadi, ghala hutoa habari 10 za mwisho. Kwa ombi moja halitoi zaidi ya 100.

Jibu linalorudi halina mapambo. Linasema tu: kichwa ni hiki, tarehe ni hii, maneno ni haya. Ukurasa wa kijiji huyapokea, huyapanga kwa sura yake, na msomaji huyasoma. Hospitali ikiandika Alhamisi, ombi linalofuata litaleta Alhamisi. Karani hana la kunakili.

Lakini yako mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, ruhusa. Omba idhini ya mwenye habari. Tena, kivinjari, yaani programu tunayosomea kurasa, ni kama mlinzi: hakiuachi ukurasa mmoja usome majibu ya tovuti nyingine, mpaka tovuti ile iwe imeruhusu.

Pili, siri. Habari zilizokwisha kutangazwa hutolewa kwa kila mtu. Zile ambazo hazijatangazwa huhitaji nenosiri. Usiandike nenosiri ndani ya ukurasa, maana kila anayeufungua ukurasa anaweza kuyasoma yaliyofichika nyuma yake.

Tatu, akiba. Ili ghala lisichoshwe na maombi, ukurasa huweza kuweka nakala ya jibu kwa muda. Hapo tena tumepata nakala ya pili! Basi muda wake uwe mfupi, kama dakika 10, na ukurasa uonyeshe saa na tarehe habari ilipochukuliwa. Ghala lisipojibu, msomaji ajue kwamba anasoma habari ya jana.

Nanyi wasomaji, kabla ya kufunga safari kwa ajili ya tangazo, tazameni kwanza tarehe yake, na mwulize limetoka ghala gani.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini nakala mbili za habari moja ni hatari?
2. Taja njia tatu za kuonyesha habari ya tovuti moja katika nyingine.
3. Kwa nini nenosiri lisiandikwe ndani ya ukurasa?
4. Tafuteni tangazo moja katika simu. Andikeni tarehe yake na jina la aliyelitoa.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.