Hatari anayoipima mke: mada kwa watoa ushauri nasaha na wahudumu wa afya ya jamii



Nimeombwa kueleza jinsi wanawake walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu wanavyoiona hatari ya magonjwa ya ngono. Jibu langu ni kwamba wanaiona vizuri. Tunaokosea ni sisi, tunaodhani kuwa asiyejikinga hajui.

Utafiti wa kitaifa wa VVU nchini Tanzania wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wenye miaka 15 na zaidi: wanawake asilimia 5.6, wanaume 3.0. Kila mmoja wetu aliyewahi kukaa kwenye kliniki ya tiba na matunzo (CTC) amekutana na mama ambaye hajamjua mwanaume mwingine zaidi ya mumewe. Kumwambia huyo awe mwaminifu ni kumdhihaki.

Chukueni mke wa dereva wa lori la Tunduma. Mumewe anarudi mwisho wa mwezi, na mke hahitaji semina kujua kwamba njiani kuna wengine. Lakini anapima hatari mbili. Virusi huenda havipo. Na vikiwepo, dawa zinatolewa bure. Akitaja kondomu, ugomvi utakuwapo usiku huohuo: “Umeanza lini mambo hayo? Nani kakufundisha?” Nyuma ya maswali hayo kuna kodi ya nyumba, ada za watoto na mawifi. Sheria nayo haimsaidii sana, maana Kanuni ya Adhabu haitambui ubakaji kati ya mume na mke ila pale walipotengana. Kwa hiyo anachagua hatari iliyo mbali na kuikwepa iliyo mlangoni. Anaweza kukosea hesabu, lakini huo si ujinga.

Kuna jambo ambalo sisi wenyewe tumelichangia. Mwanamke asiyetaka mimba alikuwa na kisingizio cha heshima cha kutumia kondomu: “Tunapanga uzazi.” Neno hilo halimtuhumu mtu. Tukishamwekea kijiti au kitanzi, au kumchoma sindano, mimba tunaizuia vizuri kabisa, ila kisingizio kimekwisha. Sasa kondomu ina maana moja tu, kwamba simwamini mume wangu. Sisemi tuache kuweka vijiti. Nasema jambo hili litajwe siku ile ile ya kijiti, mwanamke akiwa bado ana nafasi ya kuamua kama atamwambia mwenzake au la.

Majibu ya kliniki ya wajawazito nayo yanapotosha. Mama anapimwa VVU, majibu yanatoka hasi, baba anashangilia nyumbani kana kwamba yeye ndiye aliyepimwa. Wenza wenye majibu tofauti wapo wengi, na jibu hasi la Februari haliwezi kumlinda mama mwezi Juni, akiwa bado ana ujauzito.

Magonjwa mengine hayasumbui mawazo ya wengi kwa sababu hayaonekani. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili. Huja kujulikana miaka baadaye, mirija ikiwa imeziba na mimba haishiki, na hapo ukoo mzima unamgeukia mke, anaitwa mgumba, pengine kwa ugonjwa aliouletewa nyumbani. Hata yule mwenye dalili akitibiwa, mwenza asipotibiwa anaambukizwa upya. Tunampa karatasi ya kumwita mumewe na tunashangaa haifiki. Inaishia kwenye pochi, kwa kuwa kuifikisha ni kuanzisha kesi.

(Kwenye kicheni pati nilizohudhuria, bibi harusi hufundishwa mapishi, usafi na namna ya kumridhisha mume. Kupima pamoja sijasikia kukitajwa. Somo na makungwi wanasikilizwa kuliko sisi. Sioni kwa nini hawajaalikwa humu leo.)

Napendekeza tubadilishe swali la kwanza katika chumba cha ushauri. Badala ya “Unatumia kondomu?”, tuulize: “Ukimwambia mume wako habari hii, nini kitatokea?” Jibu lake ndilo lituonyeshe njia: kupima pamoja, kumwita mume kwa jina la kituo bila kumtaja mke, au dawa kinga dhidi ya VVU ambazo mwanamke anaweza kuzimeza bila ruhusa ya mtu, kama anastahili kuzipata.

Vilevile kuna kipimo cha kujipima VVU, ambacho sheria imekiruhusu tangu marekebisho ya 2019. Wake wengine hukipeleka nyumbani na waume wakapima bila maneno. Mwingine atakipeleka na kupigwa. Kabla ya kumkabidhi aulizwe faraghani kama ni salama kwake, na akisema hapana, kibaki kabatini kwetu.