Deni Lisilolipwa kwa Pesa

Leo tuna jambo juu ya watoto wetu wanaosoma uinjinia, na tuna ungamo letu wenyewe.

Fungueni Luka 14, kuanzia mstari wa 28. Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi, anahesabu gharama, aone kama ataweza kumaliza. Mara nyingi tumehubiri andiko hili juu ya kumfuata Bwana, na ndivyo lilivyo. Lakini leo tutazame tendo lenyewe: kuketi na kuhesabu. Sisi hatukuketi. Hatukuhesabu. Na mnara wa mtoto wa watu ulikaa mwaka mzima bila kuongezwa tofali.

Kijana mmoja wa kanisa letu alipata diploma ya Serikali, akapita konkuru, akaingia mwaka wa kwanza wa uinjinia katika mji wa mbali. Baba yake ni fundi seremala. Mzee aliuza mbao zake, mama akaongeza pesa za likelemba, na sisi kanisani tukapitisha kikapu mara mbili. Mwisho wa mwaka kijana alirudi, akasema: “Papa, nimepita, lakini niko na deni mbili.” Mzee akauliza: “Deni za nani? Si tulilipa yote?” Kijana akajibu: “Si pesa, Papa. Ni deni za masomo.” Lakini mzee alikwisha kusikia neno deni, na hakusikia jingine. Alifikiri mtoto amekula minervali, amekopa kwa watu, na sasa anatafuta maneno ya kujifichia.

Alikuja kwetu wazee. Tukamwita kijana, tukamweka katikati. Mmoja wetu akamwuliza: “Ulipita ao ulianguka?” Akajibu: “Wazee, nimepita na deni.” Tukamwambia hakuna mtu anayepita na kuanguka pamoja. Tukamshauri baba asitume tena pesa mpaka ukweli utoke. Tukafunga na kuomba juu ya roho ya uongo. Wapendwa, mle chumbani aliyesema kweli alikuwa mmoja tu, na hakuwa mzee.

Kijana hakurudi chuoni. Aliendesha pikipiki ya mtu, akawa motari mwaka mzima. Siku moja dada mmoja wa kwaya, ambaye ni mwalimu, alimwomba amwonyeshe karatasi ya alama. Akaisoma, akaja kwetu akilia. “Wazee, mtoto huyu hakukataliwa. Mwaka una krediti 60, yeye amepata 50. Walimruhusu kupanda mwaka wa pili, alipe masomo mawili njiani. Nani alimwambia abaki nyumbani?” Hatukuwa na jibu, kwa sababu ni sisi.

Kwa hiyo tuliketi, tukauliza, tukajifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza, tunawapa bure.

Jambo la kwanza: shule imebadilika. Sisi wa zamani tulijua gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua njia ya mpango mwingine, unaoitwa LMD: lisansi, masta, dokta. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango huo ulianza kuenezwa katika vyuo vya nchi yetu. Lisansi ya sasa ni miaka 3, yaani semesta 6 na krediti 180. Masta ni miaka 2, krediti 120. Angalieni vizuri: neno lisansi limebaki, lakini maana yake imehama. Zamani mwenye lisansi alikuwa amesoma miaka 5. Leo amesoma 3. Mzazi anayetaka mtoto afike kwenye ngazi ile ya injinia wa miaka 5 ahesabu lisansi pamoja na masta. Huo ndio mnara mzima. Asihesabu nusu, halafu ashangae pesa zimekwisha ukuta ukiwa kiunoni.

Jambo la pili: krediti si mkopo wa dukani. Ni kipimo cha kazi. Kila somo lina krediti zake kwa kadiri ya saa za darasani, za maabara na za kujisomea. Mwanafunzi akishinda somo, krediti zake ni zake. Hanyang'anywi kwa sababu alianguka somo jingine. Zamani mtu aliyeanguka mwaka alirudia masomo mengi hata yale aliyoyajua. Sasa anarudia lile lililomshinda. Kwanza ana sesio ya pili ya kujaribu tena. Likibaki baada ya hapo, linaitwa deni. Akiwa amepata sehemu kubwa ya krediti za mwaka, kwa kipimo cha kanuni, anaruhusiwa kupanda na deni lake, akililipa huku akiendelea. Deni hilo hulipwa kwa mtihani. Franga hazilimalizi.

Jambo la tatu: uinjinia si njia moja. Wazazi wengi tunasema, “Mwanangu atakuwa injinia sivile,” tukifikiri ni mtu wa barabara na madaraja tu. Lakini katika desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji, neno hilo lilikuwa jina la injinia wa chuo kikuu kwa jumla: kuna injinia sivile wa migodi, wa madini ya kuyeyusha, wa umeme. Tazameni fakilte ya Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kuna migodi, yaani namna ya kutoa jiwe ardhini. Kuna metalurjia, namna ya kupata shaba na kobalti katika jiwe hilo. Kuna elektromekaniki, yaani mashine na umeme wa kuziendesha. Kuna kemia ya viwanda. Tena ziko ISTA, zinazofundisha mafundi wakubwa wanaokaribia zaidi kazi ya mikono. Mtoto anayependa kufungua jenereta na kuifunga tena hajashuka cheo akienda huko. Amejijua.

Someni Kutoka 31. Mungu alimwita Bezaleli, na Oholiabu pamoja naye. Kulikuwa na kazi ya dhahabu, ya kuchonga mawe, ya mbao, ya kufuma. Roho alikuwa mmoja, ufundi ulikuwa mwingi. Hatuoni Musa akiwalazimisha wote kuwa wachonga mawe kwa sababu shangazi yao anapenda mawe.

Habari njema ni kwamba mlango haufungwi siku ya kwanza. Mwanzoni wanafunzi wa uinjinia husoma masomo mengi ya pamoja: hesabu, fizikia, kemia, michoro. Hapo mtoto hujipima. Akiona moyo na akili vinaelekea upande mwingine, aulize mapema, kabla masomo ya upande wake hayajawa mengi. Hata anayetaka kuhamia fakilte nyingine ama chuo kingine anaweza kuomba masomo aliyoshinda yatambuliwe. Watatazama karatasi yake ya alama na yale aliyofundishwa, wakubali mengine, wakatae mengine. Basi karatasi hiyo itunzwe kama hati ya kiwanja. Paulo naye alikusudia kwenda Asia, akazuiliwa, akajikuta Makedonia (Matendo 16). Hakuna aliyesema ameanguka.

Lakini tusikilizane, ninyi vijana. Msichukue maneno haya mkayafanya mto wa kulalia. Deni moja hubebeka. Deni sita huvunja mgongo. Tena masomo ya uinjinia yamepandana kama tofali. Aliyeacha mekaniki nyuma atateseka atakapofika kuhesabu nguvu za nguzo na chuma, maana somo la juu linakaa juu ya lile la chini. Na ratiba haimhurumii mtu: saa ya somo la deni inaweza kugongana na somo la mwaka mpya. Kwa hiyo lipeni deni katika nafasi ya kwanza inayopatikana. Na mnapoanguka, semeni nyumbani kwa maneno ambayo mama yenu anaelewa. Leteni karatasi, wekeni kidole kwenye mstari, elezeni.

Na ninyi wazazi, kabla ya kulipa pesa ya kuandikisha, nendeni na mtoto mpaka aparitora mkaulize maswali manne. La kwanza: njia hii inafika wapi, kwenye lisansi tu ama hapa kuna masta pia? La pili: kuchagua upande kunafanyika mwaka gani, na kwa alama zipi? La tatu: mtu akibaki na masomo, ni krediti ngapi zinamruhusu kupanda? La nne: akitaka kuhama, aandike barua kwa nani na kabla ya tarehe gani? Majibu mwandike kwenye daftari. Msione haya kwamba hamkusoma. Anayeuliza njia hapotei.

Na sisi viongozi wa makanisa, tunaomba jambo moja. Mtoto akirudi na alama mbaya, tusikimbilie kutafuta mchawi wala pepo. Tuombe, ndiyo, hatutaacha kuomba. Lakini tuombe baada ya kusoma karatasi. Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku, akaona palipobomoka, ndipo akasema na watu. Sisi tulisema kwanza, na hatukuzunguka. Katika kila kanisa kuna mwalimu, ama dada aliyemaliza chuo, ama kijana wa mwaka wa tatu. Mpeni nafasi Jumapili moja baada ya ibada, asomee wazazi karatasi hizo.

Mtauliza: kijana yule alifikia wapi? Tulikwenda kwao wazee watatu, tukakaa kwenye viti vile baba alivyovitengeneza kwa mikono yake, tukamwomba msamaha mbele ya wadogo zake. Alinyamaza sana. Kisha akasema: “Nimesamehe, wazee. Lakini mwaka wangu hamwezi kunirudishia.” Ni kweli. Hatukumjibu kwa andiko.

Baba yake alisafiri naye mpaka chuoni. Mzee aliingia ofisini mwenyewe, akavua kofia, akauliza maswali yale manne moja kwa moja. Krediti 50 zilikuwa bado zimeandikwa kwa jina la mtoto. Walimpokea mwaka wa pili. Mekaniki amekwisha kuilipa; kemia inangoja sesio. Siku hizi mzee akimpigia simu, baada ya salamu humwuliza: “Deni imebaki ngapi?” Mtoto anacheka, anajibu: “Moja, Papa.” Na mama aliye karibu anajua kwamba hawasemi juu ya pesa.

Bwana atupe masikio ya kusikia watoto wetu mpaka neno la mwisho. Amina.