Kufundisha Wanafunzi Kujenga Hoja kwa Majadiliano Darasani

Mada kwa walimu wa sekondari, Babati Mjini



1. Utangulizi

Shule zetu nyingi zina midahalo. Humpa mtoto ujasiri wa kusema mbele za watu, na tuidumishe. Lakini katika mdahalo mwanafunzi hupangiwa upande kabla hajafikiri, na akibadili mawazo huonekana ameshindwa. Kujenga hoja ni kutoa dai, kulitetea kwa ushahidi, na kukubali kusahihishwa inapotolewa sababu nzito zaidi. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Akili hiyo hulelewa katika vipindi vya kila siku.

2. Mfano: Ziwa Babati

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katika kipindi cha Jiografia tuulize: je, bustani za mboga kando ya ziwa letu ziondolewe?

“Ziondolewe.”
“Kwa nini?”
“Zinaharibu ziwa.”
“Zinaliharibuje?”
“Udongo ukilimwa, mvua inausomba hadi ziwani na kina kinapungua.”

Hapa wengi wetu husema “vizuri sana” na kuendelea. Tusiishie hapo. Tuwageukie wengine: “Nani atarudia hoja hiyo kwa maneno yake, kisha aseme kama anakubali?” Atainuka mmoja: “Amesema udongo unajaza ziwa. Nakubali, ila mwingine unatoka kwenye mashamba ya milimani. Tukiondoa bustani peke yake, tatizo litabaki.” Sasa hoja imejibiwa kwa hoja, na darasa zima lina jambo la kupima.

3. Mapendekezo

(a) Tusubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alibaini kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wakatoa ushahidi zaidi.

(b) Darasa likiwa kubwa, wanafunzi waanze wawili wawili kwenye dawati, ili hata mwenye haya apate kusema.

(c) Wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike hoja zao kwa Kiingereza. Asiyemudu Kiingereza hukariri, hawezi kubishana.

(d) Alama zitolewe kwa uzito wa sababu, si kwa upande aliochagua mwanafunzi.

(e) Tuwafundishe kupinga kwa adabu: “Nimemsikia mwenzangu, ila naona tofauti kwa sababu...” Mtoto aliyelelewa kutowajibu wakubwa anahitaji kuonyeshwa kwamba kuuliza sababu si utovu wa nidhamu.

4. Hitimisho

Vijana hawa kesho watakaa kwenye mikutano ya kijiji na mtaa, wakiamua mambo ya ardhi, maji na malisho. Naomba kila mmoja wetu aandike katika andalio lake la somo la wiki ijayo swali moja lenye majibu zaidi ya moja, na alitengee dakika 15.