Kizimba cha Mtoto si Yaya
Mmeuliza kama kizimba cha kuchezea mtoto kinafaa, na wengine mnacheka ati ni cha kuku. Kinafaa, lakini kwa kazi ndogo. Chai inachemka kwenye jiko la mawe matatu, mama yuko nje anakamua ng'ombe. Anayetambaa hataufikia moto. Ni dakika chache tu, na wewe uwe unamsikia.

Fito za mkaratusi zatosha. Zisimame wima, za kulala ziwe juu na chini tu, la sivyo atazipanda kama ngazi. Nafasi isizidi vidole vitatu, kichwa kisije kikanasa. Kamba isining'inie ndani.

Lakini kumfungia humo asubuhi nzima tukichuma chai, hapana. Kule Bangladesh, kuanzia 2013, vizimba viligawiwa vijijini ili watoto wasizame majini. Kilichookoa wengi ni vituo vyenye mtu mzima wa kuwaangalia, si vizimba. Sisi huwa tunamwachia dada wa miaka sita, naye ni mtoto! Majirani wanne wapeane zamu: mmoja abaki na watoto, watatu waende shambani. Haya, nani ataanza Jumatatu?